Ijueni Mashine Mnayoitumikia



Mara nyingi katika ukurasa huu twaandika juu ya mishahara, ada za chama na mapatano na waajiri. Leo tutaandika juu ya mafuta na stima. Wako watakaouliza: Chama cha wafanya kazi kina shauri gani na habari za mashine? Hayo si mambo ya mainjinia? Jawabu letu ni fupi. Mfanya kazi asiyeijua mashine anayoitumikia hajui itamdhuru kwa upande gani, na akiambiwa mezani kwamba hapana fedha, hana la kujibu.

Kilichotusukuma kuandika ni kidole. Ndugu yetu mmoja, mwanachama wa miaka mingi, alikuwa peke yake zamu ya usiku katika kituo kidogo cha stima ambacho hatutakitaja, kwa kuwa shauri lake halijakwisha. Aliona bomba jembamba la mafuta linavuja ubavuni mwa injini. Mashine ilikuwa ikienda, mji mzima ulikuwa ukiitegemea, naye hakupenda kuizima. Akapitisha mkono kutafuta mahali panapovuja. Alisikia mchomo kama wa sindano. Alipotazama aliona kitobo kidogo kidoleni, hata damu haikutoka ya kulowanisha kitambaa. Asubuhi msimamizi alimpa plasta, akamwambia aende akalale. Jioni mkono ulikuwa umevimba hata kiwiko. Hospitali waliuokoa mkono, lakini kidole hawakuweza.

Tulipokwenda kumwona alituambia neno moja ambalo hatujalisahau: "Mimi nimeisafisha mashine ile miaka kumi na moja, lakini hapana mtu aliyeniambia kwamba mafuta yanaweza kupenya ngozi." Basi na tuambizane.

MAFUTA YANAVYOGEUKA KUWA STIMA

Mafuta hayana stima ndani yake. Yana joto tu. Kazi ya kituo ni kuligeuza joto hilo liwe mwendo, kisha kuugeuza mwendo uwe stima.

Ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuchoma mafuta chini ya mtungi mkubwa wa maji, na mvuke wake kuzungusha gurudumu la mapanga. Mitambo ya mvuke ya namna hiyo ilifanya kazi miaka mingi pale Kipevu, Mombasa, katika karne iliyopita. Njia ya pili ni injini ya dizeli, nayo ndiyo inayofaa kituo kidogo, maana huwashwa kwa dakika chache na haihitaji maji mengi. Ilipewa jina la Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofanya kazi barabara ilikamilika mwaka wa 1897.

Kila aliyepiga pampu ya baisikeli anajua kwamba pampu hupata moto chini, kwa sababu hewa ikibanwa huwa moto. Injini ya dizeli yatumia siri hiyo hiyo. Ndani ya silinda mna pistoni inayokwenda juu na chini. Pistoni ikishuka, hewa safi huingia. Ikipanda, huibana hewa ile mpaka nafasi iliyokuwa kumi na sita, tuseme, inakuwa moja tu, na joto la hewa hupita digrii 500. Hapo nozeli hurusha mafuta kidogo yaliyo kama ukungu mwembamba. Mafuta yakikutana na hewa ile ya moto huwaka yenyewe, bila kiberiti wala plagi ya cheche. Mwako huo huisukuma pistoni chini kwa nguvu, nayo ikipanda tena hutoa moshi. Katika mashine inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 750 kwa dakika moja. Ndiyo ile ngurumo tunayoisikia tokea mbali tunapoukaribia mji usiku.

Sasa fikirini. Ili mafuta yapenye hewa iliyobanwa hivyo, lazima yenyewe yasukumwe kwa nguvu kubwa zaidi. Mpira wa lori hujazwa upepo mpaka mara saba au nane ya nguvu ya hewa tunayovuta. Bomba la nozeli hubeba mafuta kwa mamia ya mara, na katika mashine nyingi za siku hizi hupita mara 1,000. Kitobo kidogo katika bomba hilo hutoa mafuta kama risasi. Hupita katika glavu, hupita katika ngozi, huingia ndani ya nyama na kuanza kuiua, na juu haonekani ila nukta. Jeraha hilo ni la hospitali saa ile ile, si la plasta. Msitafute mvujo kwa mkono. Izimeni mashine, na kama lazima mtafute, tumieni kipande cha boksi au ubao.

Tuendelee. Pistoni zote huzungusha mtaimbo mmoja mzito, na mtaimbo huzungusha jenereta. Hapa twamkumbuka Mwingereza Michael Faraday, ambaye mwaka wa 1831 alionyesha kwamba sumaku ikipitishwa karibu na koili ya waya wa shaba, umeme hupita katika waya ule. Jenereta ni hilo tu, kwa ukubwa. Katikati sumaku huzunguka. Pande zote zimezingirwa na koili za shaba zilizotulia. Mashine ya mizunguko 1,500 kwa dakika, yenye ncha nne za sumaku, hutoa umeme unaobadilika mara 50 kwa sekunde, ndio umeme wa Kenya. Kisha transfoma huukuza umeme huo mpaka volti 11,000 au 33,000 ili usafiri mbali bila kupotea sana, na karibu na nyumba transfoma nyingine huushusha tena hadi volti 240 za taa na pasi.

Waliowahi kupanda baisikeli yenye dinamo wanajua kwamba taa ikiwashwa, miguu huona uzito. Injini nayo huona vivyo hivyo. Saa moja ya usiku watu wanapowasha taa, televisheni na mafriji, mashine huelemewa na kutaka kupunguza mwendo. Kipo chombo kinachoisikia haraka na kuiongezea mafuta. Mafundi hukiita gavana, nacho hakina uhusiano na gavana wa kaunti. Hiki hufanya kazi usiku na mchana wala hakiombi kura. Lakini jambo kubwa ni hili: stima ya mashine haiwekwi ghalani kama mahindi. Inayotumiwa sasa hivi ndiyo inayotengenezwa sasa hivi. Kwa hiyo wakati mji wote umelala, yuko mtu ambaye hakulala.

LITA MOJA HUTOA NINI

Hesabu hii kila mwanachama wa vituo vya dizeli aiweke kichwani. Lita moja ya dizeli ina joto la yuniti kama 10, yaani kilowati moja kwa muda wa saa 10. Mashine nzuri iliyotunzwa, yenye mzigo wa kutosha, hutoa stima yuniti kama 4 kwa lita. Sita zilizobaki hutoka na moshi, huchukuliwa na maji ya kupoza, na hupotea kwa msuguano. Kama mfanya kazi angepewa mshahara wa shilingi kumi, na sita zikapotea njiani, tungesikia kelele. Mafuta hayana chama.

Sasa tuseme kituo kidogo kina mashine inayotoa kilowati 400 mchana na usiku. Kwa saa 24 ni yuniti 9,600. Ikiwa lita hutoa yuniti 4, mashine itakunywa lita 2,400 kwa siku. Lakini chujio la hewa likiziba, nozeli zikichakaa, vali zisirekebishwe, lita moja haitatoa 4. Tuseme itatoa 3 na robo tatu. Mtu atasema, robo ni nini? Piga hesabu: mashine ile ile, kwa kazi ile ile, sasa itakunywa lita 2,560. Ni lita 160 zaidi kila siku, na kwa siku 30 ni lita 4,800. Hayo ni mafuta ya siku mbili nzima yaliyotoka kwa bomba la moshi bila kumwangazia mtu hata mmoja.

Kwa hiyo mwajiri anaposema, "Mafuta yamepanda bei, hatuna fedha za fundi wa pili, wala za vifaa, wala za mafunzo," mjibuni kwa hesabu. Fundi aliyefunzwa, mwenye vifaa na muda wa kusafisha, hujilipa mshahara wake kwa mafuta anayookoa. Kumpunguza fundi ili kuokoa fedha ni kuuza jembe ili kununua mbegu. Tena gharama ya uharibifu huo haimwangukii mwajiri peke yake. Katika bili ya stima ya Kenya umo mstari wa gharama ya mafuta, nasi wote twaulipa, hata yule mjane mwenye balbu moja.

SAFARI YA MAFUTA

Yafaa tukumbuke pia mikono mingine iliyo katika kazi hii. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilichofunguliwa mwaka wa 1963 kiliacha kusafisha mafuta mwaka wa 2013. Tangu hapo dizeli yetu huingia bandarini Mombasa ikiwa imekwisha safishwa ng'ambo. Husukumwa katika bomba kupanda bara, hupakiwa malorini, na dereva na taniboi wake huipeleka kwa siku nyingi katika barabara za mawe na mchanga. Miji ya kaskazini kama Lodwar, Marsabit, Wajir na Mandera imejulikana sana kwa mashine hizi, kwa sababu nyaya kubwa za taifa zilikuwa mbali nayo.

Mwaka wa 2012 mafuta yaligunduliwa chini ya ardhi ya Turkana. Wakati huo mji wa Lodwar ulikuwa ukipata stima kwa mashine za dizeli, na dizeli yenyewe ikitoka Mombasa kwa lori. Mwaka wa 2019 shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya Turkana ilipakiwa melini kwenda kuuzwa nchi za nje. Kwa hiyo yamepita malori ya mafuta yanayoshuka na malori ya mafuta yanayopanda, na madereva wakapigiana honi. Hatusemi haya kwa kumcheka mtu. Twasema ili mfanya kazi aone kwamba kupata mali chini ya ardhi si sawa na kupata taa nyumbani. Katikati ya hayo mawili kuna kazi, na kazi ni sisi.

SHERIA YASEMA NINI

Turudi kwa ndugu yetu na kidole chake. Hatari za kituo cha dizeli si mafuta ya nozeli peke yake. Iko kelele. Karibu na injini kubwa kelele huweza kupita desibeli 100. Kanuni za kelele za mwaka wa 2005 zakataza mfanya kazi kuwekwa katika kelele ya wastani unaozidi desibeli 90 kwa saa 8. Kama huna chombo cha kupimia, pima hivi: ukisimama na mwenzako umbali wa mkono mmoja, na lazima upige kelele ndipo asikie, mahali hapo ni pabaya kwa masikio. Tena masikio hayaumi yanapoharibika. Mtu hugundua siku mjukuu anapomwambia, "Babu, nimekuita mara tatu."

Uko moshi. Mwaka wa 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Bomba la moshi linalovuja ndani ya chumba cha mashine si jambo la kungoja bajeti ya mwaka ujao. Iko mikanda inayozunguka bila kifuniko. Iko swichi ambayo mtu huiwasha bila kujua kwamba mwenzake yumo ndani ya mashine na spana.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga na mahali pa kazi pasipo hatari. Yasema pia kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, aripoti kwa msimamizi wake, na asirudishwe pale mpaka hatari imeondolewa. Penye wafanya kazi 20 au zaidi, lazima kuwe na kamati ya usalama.

Hapo ndipo panapotuuma. Vingi vya vituo vidogo havina watu 20. Vina watu saba, au tisa, na mlinzi. Kwa hiyo mahali ambapo mtu hukesha peke yake na mashine inayoweza kumla, ndipo sheria haikulazimisha kamati. Lakini sheria hiyo hiyo imempa Mkurugenzi wa usalama kazini uwezo wa kuamuru kamati iundwe hata penye watu wachache. Nasi Chama tutaomba amri hiyo kituo kwa kituo, na kila mwakilishi atuletee hesabu ya watu wake na zamu zao.

Na kwa aliyeumia, iko Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini, nayo ni ya mwaka wa 2007. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi maisha yake yote hulipwa mshahara wa miezi 96. Aliyepoteza kiungo hulipwa sehemu yake kama jedwali la sheria lilivyopanga, na kidole nacho kimo katika jedwali hilo. Lakini madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Ripoti ya mdomo husahauliwa. Ya karatasi hubaki. Andikeni siku, saa, mashine gani, nani alikuwapo, kisha mweke nakala. Ndugu yetu hakuandika chochote asubuhi ile. Alipewa plasta, akashukuru, akaenda kulala. Leo msimamizi asema hakumbuki.

JUA NALO LAJA

Wako wanachama wenye hofu nyingine. Wanaona paneli za jua zikiwekwa karibu na vituo vya dizeli, na wanaona nyaya za taifa zikisogea. Garissa na Lamu zilipata nyaya hizo katika miaka ya 2010 na mashine zao za zamani zikapoteza kazi kubwa. Na Garissa mwaka wa 2019 ulifunguliwa mtambo wa jua wa megawati 50. Watu wanauliza: Sisi tutakwenda wapi?

Sisi hatutapigana na jua. Kila lita isiyochomwa ni moshi usiovutwa na shilingi isiyotoka kwa mjane wa balbu moja. Lakini twasema mambo mawili. La kwanza, penye jua na dizeli pamoja kazi ya fundi haipungui ujuzi, huzidi. Mchana jua likiwa kali, injini hubaki na mzigo mdogo. Na dizeli inayokwenda muda mrefu bila mzigo wa kutosha haiunguzi mafuta vizuri, hujaa masizi na kunywa oili. Kisha wingu hupita, na mashine yatakiwa ipokee mzigo wote mara moja. Hiyo si kazi ya mtu wa kuokotwa. La pili, waliowasha mji kwa miaka ishirini wawe wa kwanza kufundishwa mashine mpya, kabla ya mtu kuletwa kutoka nje. Jambo hilo liandikwe katika mapatano, lisiwe ahadi ya kwenye chai.

TUNAYOTAKA

Basi madai yetu kwa waajiri wote wa vituo vya dizeli, vikubwa na vidogo, ni haya:

1. Mtu asikeshe peke yake na mashine. Zamu ya usiku iwe na watu wawili.

2. Mashine inayotengenezwa ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayeitengeneza, si mfukoni mwa mkubwa.

3. Viziba masikio vitolewe kwa kila mtu wa chumba cha mashine, na masikio yapimwe kila mwaka.

4. Ukutani pawe na tangazo la Kiswahili, kwa herufi kubwa, juu ya hatari ya mafuta ya nozeli, na ijulikane mapema ni gari gani litakalompeleka majeruhi hospitali.

5. Kila anayegusa mashine afundishwe mashine hiyo, naye alipwe mshahara wa kawaida siku za mafunzo.

6. Kuwe na kamati ya usalama hata penye watu saba.

Hapana hata moja katika haya lenye gharama ya kufikia lita zile 4,800 kwa mwezi. Wakisema hawana, waonyesheni bomba la moshi.

Nanyi wanachama mna wajibu wenu. Usiivue glavu kwa sababu ya joto. Usimcheke kijana anayeuliza. Usifiche mvujo ili zamu ijayo iukute. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika chumba cha mashine huenda usiwe na mkono wa kujengea.

Ndugu yetu amerudi kazini. Tulipomtembelea mara ya pili, tulimkuta amesimama mbele ya injini na vijana wawili wapya, akiwaonyesha bomba lile jembamba. Hakusema mengi. Aliuinua mkono wake tu, nao wakaelewa. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Yeye amebaki na vidole tisa, nasi tulio katika Chama tuna vyetu. Tukiviweka pamoja vyatosha.

Umoja udumu.

Sisi wenu katika kazi,
Wahariri